Sigara ya Umeme ya Mwalimu Wangu

Mwalimu aliyenichapa darasa la sita kwa kukutwa na kipisi cha sigara alikuja kwenye karakana yangu hapa Bugarama. Alikuwa amestaafu, na mkononi ana kitu amekifunga kwenye gazeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Funga mlango kwanza."

Karakana yangu haina mlango. Nikashusha turubai. Akafungua gazeti: sigara ya umeme, ile ya kuvuta mvuke wa ladha ya matunda, aliyoinunua Kabanga ili aachane na tumbaku. Ganda lake la plastiki lilikuwa limepasuka. Alitaka nimchongee la mbao, na kitufe, kioo na tundu la chaji vyote vilale sawa na uso wa mbao, kisitokeze hata kimoja.

"Nikipitisha kidole nisijue mbao imeishia wapi. Mama watoto akiiona adhani ni kasha la miwani."

Mimi ni fundi wa milango na vitanda. Kwangu mimi, ufa usiopitisha panya ni kazi safi. Lakini kumwambia mwalimu yule "siwezi" nilishajaribu zamani, kwenye hesabu za sehemu, na nakumbuka yaliyonipata.

Nilikuwa na mabaki ya mninga wa Biharamulo. Vipande viwili nikaviharibu. Cha tatu nilikichimba kwa patasi niliyoichonga kutoka kwenye msumari, nikapiga msasa, nikapima, nikapiga tena, siku nne nzima, huku mteja anayesubiri kitanda chake akinifokea kwa simu. Siku ya tano kitufe kikaingia mahali pake kikatulia. Nikamwita mke wangu apitishe kidole.

"Ndicho hiki kinachokufanya usile?" akauliza.

Mwalimu alipitisha kidole mara tatu. "Tisini na nane," akasema. Shuleni hakuwahi kunipa zaidi ya arobaini.

Mvua za masika zikaanza. Jumapili moja alifika kanisani amelowa, koti linachuruzika. Mbao ikavimba, ikakibana kitufe, na wakati wa sadaka moshi ukaanza kutoka mfukoni mwake, unanukia embe. Watu wakageuka kutafuta chetezo. Mkewe hakuacha kuimba. Alifungua chupa yake ya maji, akaimimina yote kwenye mfuko ule, akaendelea na kiitikio.

Jumatatu mkewe alikuja kwangu na kile kitu. Nilisimama kama mwanafunzi.

"Ni wewe uliyetengeneza hii?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Alikigeuzageuza, akapitisha ukucha. "Kazi nzuri hii. Toa takataka zote za ndani, uweke mfuniko. Nataka kuhifadhia rozari yangu."

Nikafanya hivyo, na mfuniko ule niliuachia nafasi kidogo ya kuvimba. Mwalimu sasa anatafuna buni za kahawa badala ya kuvuta. Tukikutana njiani namwamkia, naye ananiitikia "marahaba" fupi sana, huku akiangalia migomba.