Chapa ya Jabez Lovick

Jabez Lovick alitengeneza vitana vya pembe za ng'ombe kwa miaka ishirini na mbili, na kila kitana kilichotoka mkononi mwake alikigongea chapa yake ndogo, herufi J ndani ya jani. Wanawake wa Hackney, London, waliitafuta hiyo, hasa kwenye vitana vya maharusi, kabla hawajauliza bei. Kwa hiyo mwaka 1866, kilipofunguliwa kiwanda kando ya mfereji cha kutengeneza vitana kwa pamba iliyolowekwa katika tindikali na kukandwa na mafuta ya mbarika, wenye kiwanda walimtaka yeye pamoja na chapa yake.

Mwajiri wake, Uriah Pask, hakumzuia.

"Nenda," alisema. "Ukichoka kuchana watu nywele kwa pamba, mlango unaujua."

Karakana nzima ikacheka.

Jabez aliipenda kazi mpya. Pembe huja na rangi aliyozaliwa nayo ng'ombe, basi. Pamba hii ilikubali zambarau, kijani, hata rangi ya mawingu. Sharti lake lilikuwa moja: mabamba ya pamba hiyo yakae rafuni wiki nyingi, mpaka dawa iliyoilainisha ikauke kabisa ndani yake. Jabez aliyapima kwa pua. Bamba likinuka, bado.

Mwaka uliofuata wenye kiwanda walitaka kitana kiuzwe rahisi kuliko cha pembe. Pamba safi ikaacha kuja, yakaja mabaki ya viwanda vya nguo. Kisha msimamizi, Bwana Tuffnell, akasimama mbele ya mabamba ya wiki mbili.

"Kata haya."

"Yananuka bado, bwana."

"Nani ananusa kitana, Lovick? Watu wanachania."

"Yatajikunja."

"Wenye maduka wanaingoja J yako. Kama huwezi, weka nyundo hapo uende."

Angeweza kwenda. Lakini alikifikiria kile kicheko cha karakana ya Pask, akaokota nyundo. Aligonga chapa siku tatu mfululizo.

Mwezi haukwisha. Vitana vilisinyaa, vikapinda, meno yakaelekea kila upande. Wanunuzi hawakwenda kiwandani. Nyumba ya mwenye J waliijua. Bi. Treadaway, muuza samaki aina ya mikunga, alikiweka chake mezani, karibu na mkate.

"Hiki ni kitana au kijiko, Bwana Lovick?"

"Nitakutengenezea cha pembe, mama."

"Chenye chapa ya nani?"

Jabez alikichukua kile kitana akakitia mfukoni. Mkewe, Dorcas, alimmiminia mgeni chai, lakini mgeni hakuinywa.

Mwaka 1868 kiwanda kilifungwa. Jabez alizunguka karakana tatu za vitana, na katika kila moja walimwuliza kwanza kama ndiye yule wa J. Mwishowe akaenda kwa Pask. Safari hii hakuna aliyecheka. Mafundi waliinamisha vichwa juu ya kazi zao, naye akatamani wangecheka.

"Utakata meno," Pask alisema. "Mshahara ule ule. Chapa yako hapana. Vitatoka kwa jina langu."

"Hata vya maharusi?"

"Hivyo hasa."

Jabez akavua koti. Benchi lake la zamani lilikuwa na mtu, kwa hiyo aliuliza akae wapi. Pask alimwonyesha la nyuma kabisa, penye mvuke wa sufuria la kuchemshia pembe. Alikaa hapo miaka kumi na mmoja, mpaka kifua kilipomzuia kuja.