Delhi Hadi Chennai, Mwendo wa Saa Tatu

Harufu ya mgomba uliokatwa karibuni, ule utomvu unaotia nguo madoa meusi yasiyotoka, bado hunifanya nigeuke nyuma. Nitakueleza kwa nini, ingawa habari hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, nikiogopa nimekosea kitu.

Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Mwika. Mama alikuwa India pamoja na Baba, akitibiwa moyo. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyeshikilia waende. Baba Mkubwa alipinga tangu mwanzo. Alasiri moja Baba akapiga simu: madaktari wa Delhi wanampeleka Mama Chennai, wanapanda ndege sasa hivi, atapiga wakifika.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikatafuta kwenye simu ya Mjomba: kilomita elfu moja mia saba na ushei, karibu saa tatu angani. Nikapima tena kwa rula kwenye atlasi, ndipo nikatulia.

Baba Mkubwa alikuwa amepanda ndege mara moja maishani, kutoka KIA, uwanja wetu wa karibu, hadi Dar, na tangu hapo aliamini ndege ikiruka ndani ya nchi moja inatua baada ya saa moja. Alikuwa nyuma ya zizi akiwakatakatia ng'ombe migomba. Saa ya kwanza ilipopita bila simu, nikasikia panga likipiga kwa nguvu zaidi. Ilipopita ya pili, panga likanyamaza.

"Shemeji, umemuua!" alinguruma akimjia Mjomba uani, panga mkononi. "Ndege imeanguka!"

"Umepanda ndege mara moja, leo umekuwa rubani? Nenda kalale, mbege imekuzidi."

"Ni saa tatu, Baba Mkubwa!" nilipiga kelele. "Nimepima!"

"Toka hapa! Wakubwa wanaongea, wewe unaleta rula?"

Bibi, mama yake Baba Mkubwa, alichuma jani la sale, akalipiga fundo, akamnyooshea mwanawe kwa mikono miwili. Kwetu ukiombwa kwa sale unasamehe, hata aliyekumwagia damu. Baba Mkubwa alilikata katikati. Pigo la pili lilimpata Mjomba mkononi, alipokuwa akikinga uso. Nakumbuka weupe wa mfupa kabla damu haijaufunika. Mjomba akamgonga kichwa puani, wakaanguka kwenye samadi, wakiumana kama mbwa, mpaka majirani wakawatenganisha. Baba Mkubwa alikuwa analia, akiita jina la Mama.

Simu ya Mjomba ililia wakati Bibi anafunga jeraha kwa kanga yake; nikaipokea mimi.

"Tumefika salama," Baba alisema. "Mama yako anauliza, mmekula?"

Nikasema tumekula.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ningezitaja namba zile vizuri zaidi, kwa sauti ya mtu mzima, panga lingewekwa chini. Siku hizi, Jumapili kabla ya kanisa, Baba Mkubwa hupita kwa Mjomba kumfungia vifungo vya shati, kwa kuwa vidole viwili vya Mjomba havikunjiki tena. Utotoni nilidhani yule mzee hakujua hesabu tu. Alikuwa anaogopa, na aliyeshikwa na hofu ile huwezi kumtajia saa.