Tulikuja Jana

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike Columbus, siku ya Jumatatu, na Jumatano wakamruhusu arudi nyumbani kwake Whitehall. Mimi naishi Louisville, jimbo jingine. Jumapili, baada ya ibada, nikampigia simu ya video nimwone mtoto. Nilipomwona mama yake nikasahau habari za mtoto. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki kama nyuzi mbili.

"Yaya, kichwa inaniuma tangu juzi," akasema; kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Na naona nyota-nyota, hata nikifunga macho."

"Ulienda hospitali?"

"Nilienda jana. Walisema ni uchovu tu, mwenye mtoto mchanga halalake vizuri. Wakanipa dawa ya kichwa."

Nikamwambia anionyeshe karatasi waliyompa. Akaiweka mbele ya kamera. Katikati ya maandishi madogo niliona presha waliyompima wenyewe: mia na sitini na mbili juu ya mia na nne. Waliipima, wakaiandika, wakaichapisha, wakampa aende nayo nyumbani.

Acha niseme kazi yangu, ili hasira yangu ieleweke. Zamani nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja huko Jeffersontown; siku hizi natunza wazee majumbani mwao. Kila asubuhi nampima presha mzee mmoja mzungu. Ikifika mia na sitini, sina ruhusa hata ya kumaliza kumtengenezea chai. Napiga simu, na nesi haniambii kwamba mzee amechoka. Anauliza maswali, anamtafuta daktari, dawa inabadilishwa siku hiyohiyo. Ni haki yake, na yule mzee nampenda. Lakini mdogo wangu ana miaka ishirini na saba, na alikuwa na siku sita tu tangu ajifungue. Kwake presha hiyohiyo iliitwa uchovu.

Nikamwambia shemeji yangu, mume wake, amrudishe hospitali sasa hivi.

"Bon, dada, lakini jana walisema hana kitu," akanijibu. "Watatuona ni watu wa fujo."

"Waache watuone."

Akampeleka. Mimi nikaingia kwenye gari na kitenge changu cha kanisani, nikaendesha zaidi ya saa tatu, nikapita Cincinnati bila kusimama hata kwenda chooni. Nilidhani nitamkuta kitandani. Nilimkuta kwenye kiti cha kusubiria, kichwa amekiegemeza ukutani, amejifunika macho kwa mkono wa sweta kwa sababu mwanga ulimwumiza. Shemeji amembeba mtoto. Walikuwa wamekaa hapo zaidi ya saa mbili.

Nikamwendea mwanamke wa mapokezi, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba huyu amezaa juzijuzi, presha iko juu, haoni vizuri.

"Kila mtu hapa anasubiri," akasema, macho kwenye kompyuta.

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaniambia nitulie, la sivyo ataita mlinzi. Mlinzi! Mdogo wangu anakufa mbele yake, na mtu wa hatari ni mimi.

Nikatoka hadi kwenye gari nikachukua kipimo changu cha kazini. Nikamfunga mkononi palepale kwenye kiti. Mia na themanini na nne juu ya mia na kumi na nane. Nikakiinua kile kipimo juu, nikasimama katikati ya chumba na kuzisoma zile namba kwa sauti. Watu wote wakageuka. Nesi aliyekuwa anapita akasimama, akasema vipimo vya nyumbani si vya kuaminika.

"Basi leta chako," nikamwambia.

Akaleta chake. Kikaonyesha zaidi ya changu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe watu wa hospitali ile wanaweza kukimbia.

Hawakuwahi. Kabla hawajamwekea dripu, macho yake yalipanda juu, meno yakabana, mwili wote ukaanza kurukaruka. Shemeji akalia, "Yesu!" mpaka mtoto akashtuka. Ilikuwa kifafa cha mimba. Wengi wetu tunadhani mtoto akishatoka hatari imekwisha. Haijaisha. Kinaweza kumjia mama siku kadhaa baada ya kuzaa, hata wiki kadhaa.

Alipona. Siku ya tatu, daktari kijana, mpole, akatuambia, "Siku nyingine msingoje. Mngekuja mapema."

"Tulikuja jana yake," nikasema. "Jumamosi tulikuwa hapa." Nikamwekea ile karatasi ya Jumamosi mkononi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu liko upande wa pili, kisha akasema hawezi kuwasemea waliokuwa zamu siku ile.

Niliandika malalamiko. Barua ikarudi baada ya wiki nyingi: wanasikitika kwamba tulihisi hatukusikilizwa. Tulihisi!

Kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba ni Kiingereza chetu. Mwenzangu wa kazi, mwanamke mweusi mzaliwa wa Louisville, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada yangu walimfanyia hivyohivyo, na Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake." Siku hiyo nikaacha kujilaumu, na hasira ikaongezeka.

Mdogo wangu haikumbuki ile wiki. Hakumbuki alivyomnyonyesha mtoto mara ya kwanza. Ananiuliza mimi, nami sikuwepo.

Mwaka huu wanawake wa kanisa moja la watu wetu huko Buffalo waliniita nizungumze juu ya malezi. Nikazungumza juu ya presha, kipimo changu kikiwa mezani, nikawasimulia mdogo wangu alivyorukaruka. Nikawaambia: kichwa kisichotulia, nyota machoni, uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu, usilale nayo. Sema umezaa lini. Omba upimwe mbele yako, na uulize namba. Wakikurudisha nyumbani, waambie waandike kwamba wamekataa kukuhudumia, na jina la aliyekataa.

Mama mmoja mzee akanyanyuka. "Mwanangu, mambo ya kurukaruka ni pepo. Inatakiwa maombi."

"Mama, ombeni mkiwa ndani ya gari, mkielekea hospitali," nikamjibu, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Hakukasirika. Alibaki amesimama, ameshika kiti cha mbele yake. Kisha akasema polepole kwamba binti yake wa kwanza alikufa hivyo kwenye kambi ya wakimbizi, siku ya nne baada ya kuzaa, na wao walimfungia ndani wakimwombea. Alikuwa akilia kichwa, kichwa.

Mwanamke aliyekuwa karibu naye alimshika mabega akamkalisha. Mwingine, mwenye tumbo la miezi saba, akakunja mkono wa gauni lake akaja mbele kupimwa, na wengine wakapanga mstari nyuma yake.