Ile disque ya rock yenye Mama Sindano alikuwaka anaimba

Bakubwa ba hii forum, nabasalimia bote. Minasoma bile munabishana juu ya ma-disque ya rock ya zamani. Na mi niko na yangu. Nasema paka yenye nilijionea.

Kwanza, benye tulikuwa mu nyumba siku ile disque ilifika: Anselme bwana yangu, muntu wa chemin de fer, kazi ya ma-train, njo aliileta. Gaston, ndugu yake mudogo. Mama Véro jirani, muke ya machiniste wa train. Na mi, na mimba ya Béa, binti yangu.

Pochette, ile karatasi ya kufunika disque, ilikuwa na train ya bleu. Kingereza hakuna mwenye alisikia. Lakini ule mwanamuke mwenye alikuwaka anaimba! Sauti kali, mbio mbio, kama anakimbia mvua. Tulimuita Mama Sindano. Tulicheza mpaka suruali ya Gaston ikapasuka.

(Najua munapendaka ma-guitare marefu ya face B, upande wa pili. Mi hapana. Face A njo disque. Face B ni ya kuosha masahani.)

Pick-up, ile mashini ya kupiga disque, ikakufa. Kisha Anselme naye akakufa.

Mu kilio nyumba ilijaa bantu, Mama Véro akabeba disque kwake juu isipotee. Kisha akarudisha. Ikabaki mu armoire ya nguo, miaka na miaka.

Huu mwaka Béa ananiletea tourne-disque mupya. Dimanche kisha misa nikavaa kikwembe ya fête, nikakaa, namungojea Mama Sindano. Béa akatia.

Mwanaume!

Sauti nzito, pole pole, kama muntu mwenye anaamuka na malaria.

Nikalia. Nikasema: "Véro alibadirisha disque ya bwana yangu." Nikamutuma Béa amuite.

Mama Véro akafika na fimbo yake na hasira. "We Clémentine! Tunakula mu sahani moja tangu usichana, leo niko mwizi? Mwizi ya disque, na kwangu hakuna hata pick-up?"

Akaangalia mashini. Akaanza kucheka.

"Béa, vitesse ya kuzungusha iko ku ngapi?"

"Trente-trois, mama. Njo bile banaandika pa disque."

"Tia quarante-cinq, ile ya mbio. Pick-up ya baba yako ilikuwaka paka ku quarante-cinq tu, tangu Gaston aliiangusha siku munahama toka Kambove, mbele hii disque ifike. Kifungo ilikwama pale pale."

Béa akasukuma kifungo.

Mama Sindano akarudi mu nyumba. Na Anselme nyuma yake, naapa, nilimuona anapiga vidole.

Tukacheza, shiye bazee babili na fimbo moja.

Nilimuomba Véro pardon. Akasema atanisamehe, lakini ku trente-trois, pole pole.

Fundisho: mbele ya kuita rafiki mwizi, angalia kwanza vitesse.

Sasa museme na ya kwenu. Gaston mpaka leo anasema ni Anselme aliangusha pick-up, hapana ye. Kama kuko mwenye alikuwaka Kambove na anakumbuka vingine, anikosoe. Majina, pochette, kifungo, munikosoe.

Ile sauti, hapana.