Mara Ngapi kwa Wiki

Mpaka leo nikisikia mtu anasema Njombe chakula kimejaa ila akina mama hawajui kulisha watoto, damu inanichemka. Na inanichemka zaidi kwa kuwa maneno hayo nilisaidia kuyatengeneza mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, kwenye dodoso la kurasa tisa.

Nilikuwa mdodosaji wa mradi wa lishe. Nilitokea kwetu Mjimwema, pale Njombe mjini, kwenda vijijini, na fomu tulizipeleka ofisini Makambako kwa msimamizi. Kazi ilikuwa kumkalisha mama mwenye mtoto mdogo na kumsomea chakula kimoja baada ya kingine: hiki unakila mara ngapi? Sili kabisa, mara moja kwa mwezi, mara moja kwa wiki, kila siku. Kulikuwa na mstari wa pweza na mstari wa tende. Viazi mviringo, ambavyo huku tunaamka navyo na kushinda navyo, vilibanwa mstari mmoja na mihogo na magimbi. Niliuliza siku ya semina, nikajibiwa kwamba fomu imeshapitishwa. Nikanyamaza, maana kazi niliitaka.

Kutokana na majibu hayo ndipo ingetengenezwa orodha ya watoto wa kupewa unga wa lishe. Mama akionekana anakula vizuri, mtoto wake haingii.

Nyumba ninayoikumbuka iko ng'ambo ya misheni, kwa mama mmoja aliyekuwa na binti wa mwaka mmoja na nusu. Yule mtoto alikuwa bado anatambaa, mikono myembamba, na nguo aliyovaa ilikuwa ya mtoto wa miezi tisa. Ilikuwa asubuhi ya baridi na ukungu. Tulisalimiana kamwene, salamu ya huku kwetu, nikapewa kigoda, na kabla sijafungua begi mama aliingia jikoni akatoka na chai ya rangi na mayai mawili ya kuchemsha. Kwetu ukiondoka nyumba ya mtu bila kuonja kitu umewatukana, kwa hiyo nilikula. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Siku ile aliyepona ni mgeni peke yake.

Mama mkwe alikuwa pale pale uani, anapura maharage.

"Mayai, mara ngapi kwa wiki?" nikauliza.

Yule mama alimtazama mkwewe kwanza. "Mayai yapo, dada. Kila siku kuku wanataga."

"Maziwa?"

"Ng'ombe si huyo hapo."

"Maharage?"

"Hayo unayoyaona."

Nikaweka tiki kila siku, kila siku, kila siku. Mimi nimelelewa kwenye nyumba kama ile. Najua mwanamke aliyeolewa hawezi kusema mbele ya mama mkwe kwamba hali mayai, kwa sababu atakuwa amesema mume hamtunzi. Atataja kilichopo nyumbani, na hapo hajadanganya. Najua pia mayai huwa yanakwenda wapi: mchuuzi anapanda kutoka Makambako na pikipiki yenye matrei, anayabeba yote, na ndiyo yanayogeuka mbolea na sare za shule. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami kata nilikuwa nayo mkononi. Lakini nilikuwa na nyumba tatu za kumaliza siku hiyo. Kwa hilo sijajisamehe.

Orodha ilipotoka, yule binti hakuwemo. Nilikwenda Makambako siku iyo hiyo. Msimamizi alikuwa mtu mpole, hajawahi kutufokea, akanionyesha fomu.

"Huyu mama anakula vizuri kuliko mimi, dada. Mtoto kudumaa kwenye nyumba hiyo ni uzembe."

"Mkuu, hayo mayai yanauzwa."

"Hatukuuliza yanauzwa. Tuliuliza anakula mara ngapi."

Nilimbembeleza mpaka akakubali nirudie dodoso, kwa kuwa muda wa masahihisho ulikuwa haujakwisha.

Safari hii nilimkuta yule mama shambani anachimba viazi, mtoto mgongoni, mama mkwe hayupo. Niliacha kuuliza mara ngapi. Nilimuuliza jana walipoamka walikula nini.

"Viazi na chumvi."

"Mchana?"

"Viazi vilivyobaki."

"Jioni?"

"Ugali na majani ya maboga."

"Na yai, mara ya mwisho kula yai ni lini?"

Alisimamisha jembe, akafikiri. "Nilipotoka kujifungua huyu. Mama yangu aliniletea."

Nikaandika yote, na mwisho nikamweleza wazi kwamba fomu hii ndiyo itakayomuingiza mtoto kwenye orodha. Alinishukuru. Nilishuka Makambako nikiwa na furaha ya kijinga.

Msimamizi aliziweka fomu mbili sambamba, akatikisa kichwa. Mtu hawezi kutoka kula mayai kila siku akafika kutokula kabisa ndani ya wiki tatu, alisema. Huyu amesikia habari za unga. Akaandika juu ya fomu ya pili, "Majibu hayaaminiki," na ile ya kwanza akairudisha kwenye faili.

Nilipandisha sauti ofisini mwa watu, na sijutii. Nilimwambia kwamba mwanamke huyu aliposema ameshiba mlimwamini bila kumuuliza shahidi, aliposema ana njaa mnamfanya tapeli. Nikamwambia shahidi ni mimi, nimekaa naye, mtoto nimemwona kwa macho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanikumbusha kwa upole kwamba mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Sikutaka yule mama apate habari kwa mtu mwingine. Nilirudi kijijini kwa nauli yangu, nikamkuta ameketi mlangoni akimenya viazi, binti yake kashikilia kanga yake akijaribu kusimama. Nikamwambia mtoto hatapata unga.

"Kwa nini?"

"Wamesema ulidanganya."

"Mara ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili. Ya kwanza wameikubali."

Alimenya kiazi mpaka kikaisha, akakitumbukiza kwenye maji.

"Basi niletee hiyo karatasi ya kwanza," alisema, "nimpikie mtoto."