Seli Aliyoitaja Zuhura

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, mawese yakichemka uani, nikasikia mdogo wangu Zuhura na mwenzake wa lise, shule yao ya sekondari, wakinong'ona nyuma ya ukuta. "Ndani ya seli, nyuzi zinajikunja, zinanenepa. Zinapanga mustari katikati. Kisha kila uzi unaachana na pacha wake, mmoja unavutwa huku, mwingine kule. Katikati panafungwa, seli zinakuwa mbili."

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili, lakini seli nilijua ni nini: chumba cha polisi cha kufungia watu. Wiki ile binamu yetu alikuwa amelala mahabusu kwa shamba la michikichi aliloligombania na kaka yake kule Nyanza-Lac. Nyuzi, mustari, kuvutana: nikasema hawa wanapanga kumtorosha, na polisi watakuja kubisha kwangu, kwenye nyumba ya matofali niliyojenga kwa mikono hii. Nikachukua viatu vya Zuhura nikavifungia depo, stoo yangu ya mafuta. Mchana uleule alikuwa na mtihani. Sikumwambia sababu, maana unayemshuku humwonyeshi.

Akalia. Bila mtihani ule, mwaka wake umekufa. Shangazi yetu, aliyeleta samaki kutoka Magara, akamkuta mlangoni peku. Akanigeukia.

"We Saidi, umemuuliza?"

"Nimesikia mwenyewe."

"Masikio unayo. Sasa tumia mdomo."

Nikauliza ni seli gani ile waliyoinong'ona. Zuhura akafuta machozi, akakishika kidole changu nilichokikata kwa panga nikiangusha mkungu wa chikichi, kidonda kimeshajifunga.

"Hiki nani alikishona?"

"Hakuna mutu."

"Seli za mwili wako, ndizo za mtihani wetu. Zinagawanyika, ngozi inajaa."

Sikukubali upesi. Nimegawa mafuta miaka yote. Bidoni moja ukiimimina kwenye mbili, kila moja iko nusu. Nikamwambia asinidanganye. Akasema kabla ya kugawanyika, seli inanakili kwanza kila uzi wake, ndiyo maana kila upande unaondoka na urithi kamili.

Shangazi akacheka. "Wale wa Nyanza-Lac wangegawana shamba hivyo, nani angelala mahabusu?"

Nikafungua depo. Zuhura akakimbia viatu mkononi. Alikuta mlango wa chumba cha mtihani unafungwa, akapenya.

Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Mimi nimejengeka kwa kushuku, na wenye vipimo vya uongo pale sokoni Rumonge wananijua. Ila ukishuku, uliza siku ileile, na umuulize mwenyewe, kabla hujafungia viatu vya mtu. Mungu akupe ngozi inayofunga vidonda vyake, na mdomo usioona haya kuuliza. Amina.