Kitenge Juu ya Dungu

Kaka yangu Gideoni alizaliwa kwenye uwele, na kazi yake ya kwanza hapa duniani ilikuwa kufukuza ndege. Nasema hili mapema ili mtu asije akamtetea kwamba hakujua. Alijua. Akiwa na miaka sita alikuwa tayari ana kombeo shingoni na sauti iliyokwaruza kwa kupiga kelele shambani, na mama akijitapa kwa majirani kwamba Gideoni wake akipanda dunguni hakuna punje inayopotea.

Sasa ana miaka arobaini na mitatu. Ni ofisa manunuzi katika wizara moja kule mji wa serikali, Mtumba, ana kitambi cha wastani na kiti cha kuzunguka, na ndege wamelipiza kisasi.

Ugonjwa ulimwanza bwawani Hombolo. Fredy wa ofisini kwao alimpeleka Jumamosi moja wakale samaki, akamwazima kamera ampige mdiria aliyetua kwenye mti mkavu. Gideoni akabonyeza, ndege akatoka amefumba jicho. Akabonyeza tena, ukatoka mkia peke yake. Hadi saa kumi jioni Fredy alikuwa amemaliza samaki wake na wa mwenzake, na Gideoni bado amepiga magoti majini na suruali ya kazini. Alikuja kunisimulia kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu, usiku ule ule, macho yakimwaka kama mtu aliyeokoka jana.

"Evelina, yule unayempata unamsahau," aliniambia. "Anayekunyima usingizi ni yule aliyegeuza shingo."

Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya wanaume wakifika umri fulani, wengine hununua pikipiki. Lakini mwaka haukuisha, kiwanja chake cha Nala kikageuka lenzi ndefu kama mchi. Likizo zake zote zikaishia porini. Mtoto wake wa pili alizaliwa baba akiwa Bahi, amelala kifudifudi kwenye tope akiwasubiri heroe wainue vichwa. Alipofika wodini saa nne baadaye, alimwonyesha mkewe picha za heroe kabla hajauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Shemeji yangu Edina ni mpole kuliko mimi. Alisema tu kwamba siku hizi anamjua mumewe kwa mgongo.

Alikuwa na daftari la ndege aliowapata. Walifika mia tatu na kumi na moja, na wote hao hawakumtosha, kwa sababu alichokitaka hasa ni kitu kimoja: kozi, ndege mwindaji, akimnyaka kwelea kwelea katikati ya kundi, kucha zikiwa zimefunguka, jicho likionekana. Kila alipokuwa karibu kundi lilihama, au kozi alipiga upande wa pili. Kwenye harusi, kwenye msiba, ukimwona amekaa kimya ujue anamwaza kozi.

Mama yetu, Mama Tereza, anaishi kijijini upande wa Chemba. Ana ekari mbili za uwele, na hicho ndicho chakula chake cha mwaka mzima. Hataki cha kuletewa kwenye mfuko. Tatizo lilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika pande zote mbili, na kwa misimu miwili alikuwa anaamia, yaani anafukuza ndege, kwa masikio. Akisikia mvumo wa mbawa anapiga debe kuelekea huko. Mwaka huu daktari mjini akatupa tarehe ya operesheni, na tarehe ikaangukia mwezi wa nne, uwele ukiwa umejaza maziwa, wakati ambao kwelea kwelea huja kama wingu.

Nikasema nitatafuta mtu wa kuamia. Gideoni akakataa.

"Mtu baki akae kwenye dungu la mama yangu, na mimi nipo hai? Nachukua likizo. Naamia mwenyewe."

Mama alilia kwa furaha. Mimi nami, mjinga mkubwa, nilimsifu mbele ya Edina.

Kule kwetu kila shamba lina dungu, jukwaa la miti la kukaa juu na kupiga kelele, na kila dungu lina ufito mrefu. Anayepanda asubuhi hufunga kitambaa chake kwenye ule ufito. Kitambaa kikiwa juu, shamba lina mwenyewe, jirani ashughulike na lake. Kikishushwa, maana yake mwenyewe hayupo au amezidiwa, na shamba la jirani hutoa mtu mara moja aje na debe lake. Haulizwi mtu, halipwi mtu. Mama amepakana na Mwanne kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo wametembeleana kwa vitambaa kuliko kwa miguu.

Basi nilimleta mama mjini, na Gideoni akabaki shambani na kitenge cha mama cha manjano, debe, kombeo, na begi ambalo sikuliuliza lina nini.

Siku ya kwanza aliamia kweli, hilo siwezi kumnyima. Mwanne anasema alipiga kelele vizuri kama zamani. Siku ya pili kundi lilipita juu ya shamba na kozi akalifuata kwa nyuma, chini kabisa, akamkosa ndege mmoja kwa upana wa kiganja. Debe likamdondoka kaka yangu mkononi. Kamera ilikuwa kwenye begi.

Siku ya tatu alipanda dunguni alfajiri, akafunga kitenge cha mama juu kabisa ya ufito, akashuka. Akajichimbia na kamera kwenye kichaka pembeni mwa shamba, akajifunika mabua, akanyamaza.

Mwanne alisikia ule ukimya. Akatazama ng'ambo, akaona kitenge kiko juu, akajua mwenyewe yumo. Akaendelea na shamba lake. Kwelea kwelea wakafukuzwa kwake, wakafukuzwa kwa jirani wa pili na wa tatu, wote wakaja kutua mahali pamoja palipokuwa na amani. Uwele uliinama kwa uzito wao. Kozi alikuja saa tano asubuhi. Kati ya alfajiri na saa tano ni muda mrefu sana wa kutazama chakula cha mama yako kikiliwa, na Gideoni aliutazama wote kwa jicho moja.

Jioni alinipigia simu, sauti imekauka. "Wamenizidi, Evelina. Nilishusha kitenge, nikapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Mwanne hakuja."

Mama alikuwa amelala kwangu na bandeji usoni. Nilimwambia. Aliuliza swali moja tu.

"Kitenge alikishusha?"

"Anasema alikishusha."

"Basi Mwanne ameniua."

Bandeji ilipotolewa, mama alitazama mikono yake, akatazama uso wangu akasema nimezeeka, tukacheka. Wiki ile ile nikamrudisha kijijini. Alisimama kando ya shamba na macho mapya, akaona hadi mwisho wake, masuke matupu yamesimama safu kwa safu. Mwanne alikuja mbio kumpokea, akasema, "Pole dada, umerudi?" Mama akampita bila kuitika. Miezi miwili hakumsalimu. Kisimani akimwona, anageuza ndoo na kurudi nyumbani bila maji. Alikula unga wa mfuko niliomletea, kidogo kidogo, kama anameza dawa. Akakonda, na lawama zote zikamwendea mwanamke aliyekuwa hana kosa.

Mwezi wa sita Gideoni akanipeleka kijijini kwa gari lake, ana furaha ambayo sikuielewa. Nyuma ya gari kulikuwa na kitu kikubwa kimefungwa kwa gazeti. Ile picha ya kozi alikuwa ameipeleka kwenye mashindano ya wapiga picha za ndege, ikashika nafasi ya nne. Wa kwanza alikuwa amempiga kunguru juu ya bati. Hilo lilimuuma, lakini picha aliifremu hata hivyo, amletee mama zawadi. Nadhani aliamini kwa dhati kwamba mama atafurahi. Huko ndiko alikokuwa amefika.

"Shikamoo mama. Nimekuletea kitu cha kujaribia macho."

"Marahaba mwanangu. Ngoja nikae."

Sitasema uongo, picha ilikuwa nzuri. Kozi amefunguka kama kiganja, kwelea mdogo amekunja shingo, na kila unyoya unahesabika. Chini yao ndege maelfu juu ya masuke. Mama aliiweka mapajani akaitazama kwa muda, akipitisha kidole kwenye kioo. Aliwaona ndege. Aliyaona masuke, mengine bado yana punje. Kidole kikapanda hadi pembeni juu, mahali pamefifia, penye doa la rangi.

"Hapa ni wapi?"

"Ni shambani kwako, mama. Siku ile."

"Na hiki?"

"Dungu lako hilo."

"Na juu ya dungu?"

Doa lilikuwa la manjano. Kitenge cha mama kilikuwa juu kabisa ya ufito, kimekunjuka kwa upepo, hakijashushwa hata shubiri moja. Nilimtazama kaka yangu nikisubiri apige magoti, au adanganye tena, chochote ambacho mtu hufanya. Lakini shingo yake ilikuwa imegeuka. Hondohondo alikuwa ametua juu ya ghala la mama, ghala tupu, na mkono wa Gideoni ulikuwa tayari umeshuka kwenye begi.

"Mama," alinong'ona, "tafadhali usitikisike."

Mama akaiweka picha chini taratibu, akainuka. Akaenda ukutani akachukua debe na fimbo, akaanza kupiga. Hondohondo akaruka. Mama hakumtazama. Alimfuata Gideoni, akipiga, akipaza ile sauti ya shambani niliyokua nayo, akimtoa uani hatua kwa hatua, na ofisa wa wizara akarudi kinyumenyume na kamera kifuani hadi mlangoni pa gari. Aliingia, akawasha. Mama hakuacha kupiga.

Mwezi wa sita hakuna ndege wa kufukuza. Lakini Mwanne alisikia debe la jirani yake, akatokea kwenye mabua anakimbia, kilemba kimemdondoka, debe lake mkononi.

"Wako wapi?" aliuliza, akihema.

Mama akamwonyesha gari.